Kenya: Nani hula wapi katika mitaa tulivu ya Nairobi?

Mgeni anayefika Lavington, Kileleshwa au Karen kwa mara ya kwanza anaweza kutembea nusu saa bila kuona mahali pa kula. Ataona nyua za michongoma zilizokatwa vizuri, malango ya chuma, nyaya za umeme juu ya kuta, na mlinzi aliyeketi katika chumba chake kidogo kando ya lango. Kwa msafiri aliyetoka Dar es Salaam au Mwanza, aliyezoea kumkuta mama lishe karibu kila kona, swali la kwanza huwa la kawaida kabisa: hawa watu wanakula wapi?

Wanakula, na chakula kipo. Ila katika mitaa hii ya magharibi mwa Nairobi chakula kimegawanyika kwa namna ambayo mlaji wa upande mmja si rahisi kukutana na wa upande wa pili. Kuna kinacholiwa mezani, chini ya mwavuli wa bustani, na kuna kinacholiwa kwenye benchi nyuma ya uzio wa mabati. Cha kwanza kina bango, maegesho ya magari na orodha ya bei. Cha pili hakina bango, na mara nyingi hakina kibali. Hata hivyo, hicho cha pili ndicho kinachoiwezesha mitaa hiyo kuendelea na shughuli zake kila siku ya kazi, na ndicho ambacho wakati wowote kinaweza kuamka na kukuta tingatinga mlangoni.

Mitaa iliyopangwa kwa wenye jiko nyumbani

Nairobi ilianza mwaka 1899, reli iliyotoka Mombasa ilipofika hapo ikielekea Ziwa Victoria. Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa misingi ya rangi. Miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu, miti na hewa baridi ilitengwa kwa Wazungu. Waasia walipata maeneo kama Parklands na Ngara. Waafrika walisukumwa upande wa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonata wakati wa mvua.

Viwanja vya magharibi vilikuwa vikubwa. Nyumba ya chini ilisimama katikati ya bustani, na nyuma yake, karibu na ua wa mwisho, vilijengwa vyumba vya watumishi. Katika ramani ya namna hiyo hapakuwa na haja ya mahali pa kula barabarani: mwenye nyumba alikula kwake, mtumishi alikula nyuma. Maduka yaliwekwa mbalimbali, katika vituo vichache ambavyo mtu alifika kwa gari.

Uhuru wa mwaka 1963 uliondoa ubaguzi wa rangi katika umiliki, lakini haukubadili upana wa viwanja wala umbali wa maduka. Kilichokuja kubadilisha mambo ni majengo ya ghorofa. Kileleshwa na Kilimani, na baadaye sehemu za Lavington, zilianza kupoteza nyumba zake za zamani moja baada ya nyingine. Mahali palipokuwa na familia moja na mti wa mparachichi, leo kuna jengo la orofa kumi na zaidi lenye makumi ya familia. Kila jengo linahitaji walinzi wa mchana na wa usiku, wasafishaji, mafundi bomba, watunza bustani na wafanyakazi wa ndani. Nyumba ambazo hazijabomolewa zimegeuzwa ofisi za mawakili, mashirika, shule za chekechea na zahanati, na nazo zina makarani na madereva wao.

Wengi wa watu hawa hawalali hapo. Wanaofanya kazi Lavington hutoka Kawangware, mtaa wa watu wa kipato cha chini unaopakana nayo kiasi kwamba mtu huvuka kutoka dunia moja kwenda nyingine kwa miguu. Walioko Westlands na Loresho hutoka Kangemi. Walioko Kilimani hutoka Kibera na kwingineko. Walioko Runda, kaskazini, hutoka Githogoro. Huondoka kwao alfajiri na kurudi jioni. Katikati ya safari hizo mbili kuna saa saba mchana, na tumbo.

Hesabu ya mlinzi

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina mambo matatu yanayofuatana ambayo, yakisomwa pamoja, hueleza mengi kuhusu vibanda vya Nairobi. Kifungu cha 31 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi ya kufaa au posho ya kodi. Kifungu cha 32 kinamtaka ampatie maji safi ya kutosha. Kifungu cha 33 kinazungumzia chakula, lakini hapo wajibu unakuwepo pale tu ambapo chakula kilikubaliwa waziwazi katika mkataba. Kwa maneno mengine, mwajiri ambaye hakuahidi chakula hadaiwi chakula. Mlinzi aliyeajiriwa na kampuni na kupelekwa kusimama langoni kwa mtu mwingine hana jikoni ya kuingia wala mkataba unaomtaja mpishi.

Basi hubaki mshahara wake. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Mei 2022 iliweka kima cha chini kwa mfanyakazi wa jumla jijini Nairobi, kundi linalojumuisha msafishaji, mtunza bustani, mtumishi wa nyumbani na mlinzi wa mchana, kuwa shilingi 15,201.65 za Kenya kwa mwezi bila posho ya nyumba. Nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024 ilikifikisha kiwango hicho kwenye shilingi 16,113 na senti kadhaa.

Chukua siku 26 za kazi kwa mwezi. Sahani ya chakula katika mgahawa wa kituo cha maduka, pamoja na kinywaji, haishuki sana chini ya shilingi 1,000. Mlinzi akila hapo kila mchana atatumia shilingi 26,000, yaani atamaliza mshahara wote na kubaki na deni. Kibandani, sahani inayoshibisha hupatikana kwa takribani shilingi 150. Mara 26 ni shilingi 3,900, ambayo bado ni karibu robo ya mshahara. Hiyo ndiyo tofauti inayozungumziwa, na hakuna mgahawa wa bustani, hata ukipunguza bei kwa nusu, unaoweza kuiziba.

Kuna wanaobeba chakula kutoka nyumbani. Njia hiyo ni nzuri kwa mwenye jokofu na mahali pa kupashia moto. Kwa anayepika usiku katika chumba kimoja, akatembea alfajiri na bakuli la plastiki, akalifungua saa saba baada ya kuliweka chini ya kiti langoni, ugali huwa umekuwa jiwe na maharage yameanza kuchacha.

Kilicho wazi mbele ya macho

Upande wa wenye magari hauhitaji maelezo marefu. Kila mtaa una kituo chake cha maduka: Yaya Centre huko Kilimani, Valley Arcade na Lavington Mall huko Lavington, The Hub huko Karen, Village Market huko Gigiri. Ndani yake kuna migahawa ya kahawa, ya Kihindi, ya Kiitaliano na ya Kichina, na ubora wake kwa jumla ni mzuri. Mingine imo katika nyumba za zamani zilizogeuzwa, ambako meza huwekwa chini ya miti iliyopandwa na mlowezi fulani aliyesahaulika. Mgeni mwenye fedha na muda hatajuta.

Baina ya pande hizo mbili kuna daraja, jembamba lakini la kupendeza: hoteli za chakula cha kienyeji zilizoingia katika mitaa hiyo na kukubalika. Mfano uliojulikana zaidi ni Mama Oliech, mkahawa wa samaki uliokuwa Barabara ya Marcus Garvey, Kilimani, ambao mwasisi wa Facebook, Mark Zuckerberg, aliutembelea mwaka 2016 na kula ugali kwa samaki mzima wa Ziwa Victoria. Picha ile ilizunguka dunia. Wakazi wa Nairobi hawakushangazwa na chakula. Walishangaa kwamba kuna mtu aliyeona ajabu.

Inafaa pia kumwandaa Mtanzania kuhusu lugha. Neno hoteli, linapoandikwa kwa rangi ya mafuta juu ya mlango wa mbao, halimaanishi kuna vitanda. Ni mahali pa kula tu. Na mama lishe wa Dar es Salaam hapa hatambuliwi kwa jina hilo. Mahali pake panaitwa kibanda, na vijana wanaozungumza Sheng hupaita kibandaski, kwa utani ambao umegeuka kuwa jina la kawaida hata midomoni mwa wakuu wa idara.

Namna ya kukipata kibanda

Kibanda cha mtaa tulivu hakikai barabara kuu. Njia rahisi ya kukitafuta ni kufuata ujenzi. Palipo na winchi ndefu na sauti ya mashine ya kuchanganyia zege, pana watu wa mjengo, kama wanavyoitwa Nairobi, na palipo na watu wa mjengo pana mwanamke aliyepewa nafasi na msimamizi kuinjika masufuria kando ya uzio. Mahali pengine pa kutazama ni nyuma ya kituo cha mafuta, kando ya mto au daraja, kwenye kipande cha ardhi ambacho kesi yake ya umiliki haijaisha, au pale waendesha bodaboda wanapoegesha. Bodaboda kumi zilizopangwa sambamba saa saba mchana ni bango tosha.

Saa nazo zina utaratibu. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi huuzwa chai na mandazi. Saa nne huja kundi la pili, la watu waliokwisha kufanya kazi saa tatu. Chakula kamili huiva kati ya saa sita na saa nane, na ikifika saa tisa mgeni ataambiwa kilichobaki ni chapati mbili na mchuzi. Anayetaka kula vizuri awahi.

Kilichomo sufuriani hufahamika kwa Mtanzania yeyote, lakini majina yanaweza kumpotosha. Ndengu za Kenya ni zile nafaka ndogo za kijani ambazo Tanzania huitwa choroko; dengu za Tanzania ni kitu kingine kabisa, na anayeziagiza kwa kukumbuka dengu za kwao atastaajabu. Githeri, chakula cha asili ya Wakikuyu ambacho leo ni cha nchi nzima, ni makande. Mukimo ni viazi mviringo vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga. Waru ni hivyo hivyo viazi mviringo. Chapati kwa maharage, pengine ndicho chakula kinachoagizwa kwa haraka kuliko vyote, huitwa chapo madondo. Chapati yenyewe huuzwa kati ya shilingi 20 na 30, na Nairobi hujivunia kuikanda laini na nene kuliko ya pwani, jambo ambalo mtu wa Mombasa hawezi kulikubali hata akilipwa.

Sukuma wiki haikosekani, na jina lake linajieleza: ni mboga ya kuisukuma wiki ifike mwisho. Huongezwa kachumbari, pilipili, na mara kwa mara kipande cha parachichi, ambalo Wakenya huliita avokado. Matumbo na mchuzi wa nyama hupatikana, kwa bei ya juu kidogo. Chai ni ya maziwa yaliyochemshwa pamoja na majani na sukari. Asiyetaka maziwa aombe strungi. Mpishi huitwa mama, na akiwa mtu mzima sana, shosho. Si vizuri kuanza kwa kuuliza bei. Husalimiwa kwanza, kisha huulizwa leo kuna nini.

Malipo mengi hufanywa kwa M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007. Namba ya simu huwa imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi kilichoning'inizwa juu ya masufuria. Mgeni asiye na laini ya Kenya abebe noti ndogo, kwani kumtolea mpishi noti ya shilingi 1,000 kwa chakula cha 150 ni kumtuma akazunguke mtaa mzima kutafuta chenji huku wateja wakimsubiri.

Lakini njia ya malipo iliyo na uzito zaidi kuliko simu ni daftari. Walinzi na wasafishaji wengi hula kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwezi. Mpishi huandika jina, siku na kiasi. Mfumo huu hausimamiwi na benki yoyote. Unasimama juu ya jambo moja tu, kwamba mlaji na mpishi wataonana tena kesho mahali palepale. Ndiyo maana kibanda kikibomolewa, hasara haiishii kwenye mbao na mabati. Wateja hutawanyika, wengine huhamishwa lindo, na daftari hubaki na majina ya watu wasiopatikana.

Kibali kisichopatikana

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouza chakula kwa umma. Kwa hiyo tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mwenye mamlaka juu ya sufuria ya kibandani ni Kaunti ya Jiji la Nairobi. Askari wake bado huitwa kanjo, neno lililotokana na baraza la jiji la enzi zilizopita. Baraza lilikwisha, jina likabaki, na hofu ikabaki pamoja na jina.

Mpishi anayetaka kufanya biashara kihalali anatakiwa kuwa na cheti cha afya, ambacho hupatikana baada ya kupimwa na hurudiwa kila miezi sita. Hilo linawezekana, na wapo wa vibandani walio nacho. Anatakiwa pia kuwa na kibali cha biashara na mahali palipokaguliwa na maafisa wa afya ya umma. Hapo ndipo mlango hufungwa. Ili mahali pakaguliwe, sharti pawe ni mahali: pawe na anwani, maji, choo na matumizi ya ardhi yanayoruhusu biashara. Mitaa hii imepangwa kuwa ya makazi. Mwenye nyumba anayetaka kuigeuza mgahawa anaweza kuomba kubadilishiwa matumizi ya ardhi kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, akalipa ada, akatangaza kusudio lake na kusubiri pingamizi za majirani. Mwanamke mwenye masufuria matatu kwenye hifadhi ya barabara hana ardhi ya kubadilishia matumizi. Hifadhi hiyo ni ya umma, na mamlaka za barabara zina haki ya kuitaka wakati wowote, kama ilivyotokea wakati wa kupanuliwa kwa Barabara ya Ngong, ambako wauzaji wa aina nyingi walilazimika kuondoka.

Matokeo yake ni hali isiyo ya kihalali wala ya kificho. Kibanda kinaonekana na kila mtu. Mhandisi wa jengo hula hapo, polisi wa doria hula hapo, na askari wa kaunti aliyevua sare pia hula hapo. Kinavumiliwa mwezi mzima, kisha siku moja huja lori. Malalamiko ya siku nyingi ya wachuuzi wa Nairobi ni kwamba kati ya kuvumiliwa na kubomolewa hupita malipo madogo madogo yasiyo na risiti. Ni vigumu kuona jinsi ambavyo mfumo wa namna hiyo usingeyazaa.

Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Wanaotetea vibanda hupenda kuitaja. Lakini ibara hiyo ina makali pande zote mbili, kwa sababu inataja ubora pia.

Hofu ya usafi

Wakazi wanaolalamika kuhusu vibanda hawana chuki bila sababu. Maji hubebwa kwa madumu na hutumika kwa uangalifu uliopitiliza. Sahani husuuzwa katika beseni moja. Maji machafu humwagwa mfereji wa barabarani, na moshi wa kuni huingia madirishani. Choo, kama kipo, ni cha eneo la ujenzi, na jengo likikamilika hakuna tena. Nairobi imekuwa ikipata milipuko ya kipindupindu, na hakuna ugonjwa unaoshitaki mikono ya mpishi kwa haraka kama huo.

Hata hivyo kumbukumbu ya mwaka 2017 inafaa kuwekwa mezani. Katika mlipuko wa mwaka ule, miongoni mwa waliougua walikuwa wajumbe wa kongamano waliohudumiwa katika hoteli yenye hadhi, yenye vibali vyote na vitambaa vyeupe mezani. Serikali ilichukua hatua dhidi ya baadhi ya hoteli na kuwataka wahudumu wa chakula wapimwe upya. Ugonjwa haukuuliza nani ana bango.

Kwa mlaji, dalili za kibanda kizuri hazihitaji afisa wa afya. Chungu kinachotoa mvuke ni salama kuliko kilichopoa. Pipa lenye bomba na sabuni mlangoni, ambalo lilienea wakati wa janga la korona mwaka 2020 na mahali pengi halijaondolewa, ni dalili kwamba mpishi anajali. Foleni ni ushahidi mwingine, kwa sababu mlinzi aliyeumwa tumbo Jumatatu hatarudi Jumanne, na atawaambia wenzake wa mageti yote ya barabara ile. Mboga mbichi na maji ya kunywa ya bure mgeni aviache mpaka tumbo lake lizoee mji.

Wanasiasa, wakazi na winchi

Kampeni za uchaguzi wa Agosti 2022 zilimpandisha mama mboga na mwendesha bodaboda hadi majukwaa ya juu kabisa. William Ruto alijinadi kuwa mtetezi wao, na baada ya kuapishwa, serikali yake ilizindua Novemba mwaka huo mfuko wa mikopo midogo kwa njia ya simu, maarufu kama Hustler Fund. Mkopo unaweza kununua gunia la makaa. Hauwezi kununua mita nne za ardhi Kileleshwa.

Kupanda kwa bei za vyakula nako kulikwisha kubadili sura ya kibanda. Katikati ya mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200, hadi serikali iliyokuwa ikimaliza muda wake ikatangaza ruzuku ya kuiteremsha hadi 100. Mpishi wa kibandani anajua kwamba akiongeza shilingi 20 kwenye sahani, mteja atahesabu siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi na kuamua kunywa chai tu. Basi bei hubaki na ugali hupungua. Kwa upande mwingine, ugumu huohuo umewaleta vibandani watu ambao zamani walikuwa wakipita kwa gari: makarani wa ofisi zilizomo katika nyumba za zamani sasa hupiga simu saa tano, na chakula hupelekwa kwenye hotipoti.

Wakazi wenyewe hawana sauti moja. Jumuiya zao, hasa katika mitaa kama Karen na Runda, zimejipanga vizuri, zina mawakili, na hupigania mpango wa ardhi kwa bidii. Mara nyingi wanachopinga ni kikubwa kuliko kibanda: ghorofa zinazoziba jua, mifereji ya majitaka iliyozidiwa, klabu za usiku. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya kaunti ilitangaza kwamba haitatoa tena leseni kwa klabu za usiku katika maeneo ya makazi, na wengi walipumua. Lakini wavu wa amri kama hizo huvua samaki wote, na mara nyingi dagaa ndio wanaoshindwa kupenya. Klabu ina wakili wa kwenda mahakamani. Kibanda kina mtoto wa kutumwa kuangalia kama lori linakuja.

Kuna kinaya kingine ambacho mkazi mpya wa ghorofa ya nane huenda hakijui. Sebule anayosimama akitazama moshi na kukunja uso ilijengwa na vibarua ambao, kwa miaka miwili au mitatu, walishibishwa na kibanda hichohicho.

Njia za kutokea zinajulikana. Kaunti inaweza kutenga vipande vya ardhi ya umma karibu na kila kituo cha maduka, ikaweka bomba, choo na paa, kisha ikatoza ada yenye risiti. Inaweza kumtaka mjenzi wa kila ghorofa aoneshe, pamoja na michoro ya maegesho, mahali ambapo wafanyakazi wake watakula. Waajiri wanaweza kuandika chakula katika mikataba, na Kifungu cha 33 kingeamka usingizini. Dar es Salaam, iliyowahamisha wamachinga wake mwaka 2021 na kuwapangia maeneo, ina mafunzo ya kutoa, likiwemo lile lililo chungu zaidi: eneo zuri lililo mbali na wateja hubaki tupu.

Kwa sasa kibanda kinajihamisha chenyewe. Jengo likikamilika, uzio wa mabati huondolewa, nyasi hupandwa, na mlinzi mpya mwenye sare hukabidhiwa lango. Mpishi hupakia masufuria yake kwenye mkokoteni na kufuata winchi, pengine mita mia tatu tu kutoka hapo, pengine ng'ambo ya bonde. Wateja wake wa zamani huulizana kwa siku mbili tatu, kisha humpata.

Mgeni atakayekuwa Nairobi Jumapili ajue kwamba vibanda vingi vya mitaa hii hufungwa siku hiyo. Mjengo umesimama, ofisi zimefungwa, na wapishi wamebaki makwao. Migahawa ya bustani hujaa familia zilizotoka kanisani, na meza nzuri hushikwa mapema. Mlinzi wa zamu ya Jumapili hujitayarishia chai kwenye chupa, na akipata nafasi ya dakika ishirini, humwachia mwenzake lango akatembea mpaka Kawangware.